Ukuta wa Zamani Hautaki Saruji: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Majengo ya Kale ya Arusha na Moshi

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia kitu kimoja: maji. Yanapanda ukutani, yanapenya kwenye bati, yanachimba msingi kando ya mto. Mwashi, seremala na msanifu majengo wamekaa pamoja kuzijibu.

Wahariri, habari za kazi. Nyumba yetu ya urithi iko Arusha, si mbali na mto Naura. Kuta ni za mawe na ni nene. Kila masika rangi inabanduka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno na unga mweupe unatoka ukutani. Mafundi watatu kwa nyakati tofauti wamepiga lipu ya saruji na kila mara imedondoka. Sasa fundi wa nne anataka kupiga saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Tumpe kazi? — *Mama wa watoto wanne, Arusha*

Hapana, Mama, msimpe. Huyo fundi wa nne atafanya kile kile walichofanya wenzake, ila kwa bei kubwa zaidi.

Ukuta wenu wa mawe ulijengwa kwa udongo au chokaa, na chini yake hakuna karatasi ya kuzuia unyevu kama inayowekwa kwenye nyumba za tofali za leo. Unyevu wa ardhini hupanda ndani ya ukuta, na siku zote umekuwa ukipanda. Zamani ulitokea usoni mwa ukuta na kukauka kwa upepo, kwa sababu lipu ya chokaa ina vitundu vidogo vinavyouruhusu kutoka. Saruji imeziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi kutafuta upenyo, na chumvi inayosafiri nayo huganda nyuma ya lipu. Chembe za chumvi zikikua huisukuma lipu mpaka inaachia. Unga mweupe mnaouona ndio chumvi hiyo. Mkiongeza dawa ya kuzuia maji, mstari wa unyevu utahama kutoka kiunoni kwenda kwenye fremu za madirisha, na hapo mbao zitaanza kuoza.

Kazi ianzie nje, wala si ukutani. Pimeni usawa wa ardhi ya nje kwanza. Inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Kwenye nyumba nyingi za mjini, miaka ya kumwaga kifusi, moramu na vitofali vya uani imeipandisha ardhi mpaka ikapita sakafu, na hapo ukuta unakunywa maji ubavuni. Ondoeni udongo huo kwenye ukanda wa upana wa nusu mita kando ya ukuta, ila msishuke chini ya kitako cha msingi hata kidogo. Ipeni ardhi mteremko wa kwenda mbali na nyumba, sentimita 2 na nusu kwa kila mita, kisha jazeni kokoto safi kwenye ule ukanda. Msimwage zege la kubana ukuta kama wengi wanavyofanya. Zege hilo huzuia ardhi kukauka, na likipata ufa mdogo tu linageuka kuwa mfereji wa kuelekeza maji kwenye msingi.

Kisha tazameni gata na bomba la kushushia maji. Mvua ikirukia ukutani kutoka juu, hakuna dawa ya chini itakayosaidia. Na kabla ya kulala fungeni mabomba yote, someni mita, muisome tena asubuhi kabla mtu hajagusa maji. Namba ikiwa imesogea, mna bomba linalovuja chini ya sakafu, na huenda nusu ya tatizo lenu ni hilo.

Baada ya hapo ndipo lipu ya saruji itolewe, hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Tumieni tindo na nyundo nyepesi, tindo likiwa limelala upande. Mashine ya kuvunjia zege ikae mbali, kwani mtikisiko wake hulegeza udongo ulioshika mawe ndani kabisa ya ukuta. Mahali ambapo saruji inang'oka na uso wa jiwe, acheni. Kipande kidogo cha saruji kikibaki hakitaua nyumba. Chumvi isugueni kwa brashi ngumu ikiwa kavu, mfagie, mkatupe mbali. Msiioshe kwa maji, mtairudisha ndani.

Halafu subirini. Fundi mwenye haraka hushindwa hapa. Ukuta mnene haukauki kwa wiki mbili. Kadirio la waashi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene. Si lazima mngoje mpaka ukauke wote, ila upeni msimu mzima wa kiangazi ukiwa uchi. Juni na Julai za Arusha ni za baridi na mawingu, kwa hiyo msizihesabu kama miezi ya jua. Mkivua lipu mwishoni mwa Mei, pigeni mpya Septemba, kabla ya vuli.

Lipu mpya iwe ya chokaa. Nunueni chokaa ya unga ya kujengea, iliyokwisha kuzimwa kiwandani. Angalieni sana mfuko, maana maduka ya pembejeo huuza chokaa ya shambani ya kupunguza tindikali ya udongo. Hiyo ni jiwe lililosagwa tu, haishiki kamwe, na tunajua kuta zilizopigwa hiyo zikafutika kwa mkono. Mfuko uliofunguka zamani na kushika mabonge pia haufai.

Jazeni maji nusu pipa la plastiki, kisha mwageni chokaa taratibu huku mkikoroga. Chokaa iingie kwenye maji, si maji kwenye chokaa. Iacheni ilale wiki mbili juu yake kukiwa na maji ya kimo cha vidole viwili. Itakuwa laini kama samli iliyoganda. Vaeni glavu na miwani. Chokaa inaunguza, na ikiingia jichoni osheni kwa maji mengi safi dakika 20, kisha hospitali.

Mchanga uwe mkali na msafi. Jazeni chupa ya plastiki hadi nusu kwa mchanga, ongezeni maji, tikiseni, acheni saa 3. Tope likikaa juu kwa unene unaozidi sentimita 1 kwenye mchanga wa kimo cha sentimita 15, uosheni au mtafute mwingine. Mchanga wa tope hupasua lipu.

Kipimo ni chokaa iliyolowekwa sehemu 1, mchanga sehemu 3. Kwa ukuta wa urefu wa mita 10 na kimo cha mita 1, lipu ya milimita 20 ni lita 200; ongezeni kidogo kwa upotevu na mashimo ya mawe, iwe lita 240. Hiyo ni ndoo 12 za lita 20 za mchanga na ndoo 4 za chokaa iliyolowekwa, yaani mifuko 2 ya kilo 25 ya unga. Msishangae kuona jumla haiongezeki kuwa ndoo 16, kwani chokaa inaingia katikati ya chembe za mchanga.

Sehemu ya chini kabisa, inayorukiwa na matone, inahitaji kitu cha kuishikisha hata kukiwa na unyevu. Hapa Arusha tuna bahati: miteremko ya Meru ina jivu la volkano, na jivu hilo likisagwa laini hushikana na chokaa hata ndani ya maji. Changanyeni chokaa 1, jivu nusu, mchanga 2 na nusu. Jivu la kila shimo halina nguvu sawa, kwa hiyo jaribuni kwanza. Tengenezeni andazi la chokaa na jivu bila mchanga, lifunikeni kwa gunia bichi siku 7, kisha lizamisheni kwenye ndoo. Likiyeyuka, shimo hilo si lenu.

Lowesheni ukuta kabla ya kupiga. Koti la kwanza lirushwe kwa mwiko, si kupakwa, kwa unene wa milimita 10. Likwaruzeni, mngoje siku 7 hadi 10. La pili milimita 8. La mwisho ni jembamba la milimita 2 au 3, kwa mchanga uliochekechwa. Muda wote huo ning'inizeni magunia yenye maji mbele ya ukuta na kunyunyizia asubuhi na jioni. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole ikiwa na unyevunyevu, na ikikaushwa na jua siku ya kwanza hubaki unga. Koti nene kuliko hayo hupasuka. Fundi akitaka kuchovya saruji "kidogo tu ili ishike haraka," mkatalieni kwa upole.

Rangi ni chokaa pia, nyepesi kama maziwa, makoti matano membamba. Mkipaka rangi ya mafuta mtakuwa mmerudi mlikoanzia.

Ghala letu la zamani liko Moshi kando ya mto Rau. Kona moja imepata ufa wa ngazi kutoka kwenye dirisha hadi chini. Tumeuziba mara nyingi kwa saruji, unarudi. Kuna mkaratusi mkubwa mita 4 kutoka kwenye kona hiyo. Tuukate? — *Kamati ya kikundi cha wafanyabiashara, Moshi*

Msikate mti wala msizibe ufa mpaka mjue ufa unafanya nini. Ufa uliotulia miaka 40 ni kovu tu. Unaotembea ni jambo jingine.

Kazeni skrubu mbili ndogo, moja kila upande wa ufa, na mpime nafasi kati ya vichwa vyake kwa kipimo cha vernia mara moja kwa mwezi, mkiandika tarehe na hali ya hewa. Fanyeni hivyo masika nzima na kiangazi chote. Ufa ukipanuka kiangazi na kujifunga mvua zikija, msingi umekaa kwenye udongo mweusi unaovimba na kusinyaa, aina inayopatikana sehemu za chini za Moshi, na huo mkaratusi unaonyonya maji chini yake unazidisha. Ufa ukipanuka masika na usirudi, maji yanachukua udongo chini ya msingi. Kwa jengo la kando ya mto tunashuku zaidi hili la pili, na mara nyingi mkosaji si mto wenyewe bali mtaro wa maji ya mvua au bomba la paa linalomwaga kwenye kona ile ile.

Umbo nalo linasema. Ufa mpana juu na mwembamba chini maana yake kona inazama. Ukiwa mpana chini, katikati ya ukuta ndiko kunakozama. Upana chini ya milimita 5 si wa kukosesha usingizi. Kati ya 5 na 15 mwiteni mhandisi. Ukizidi 15, hamisheni mizigo na watu upande huo leo hii, muweke mihimili ya kushikilia kona.

Mti: kama udongo ni ule mweusi, mkiukata ghafla ardhi iliyokuwa imekaushwa na mizizi itakunywa maji na kuvimba, na ghala linaweza kuinuliwa badala ya kuzama. Punguzeni matawi kwa awamu, theluthi kwa mwaka. Kama ni changarawe ya mto, hofu hiyo haipo.

Tiba ya kwanza ni kuhamisha maji. Pelekeni bomba la paa mita 3 au zaidi kutoka kwenye kona, mtaro ujengwe vizuri, na kingo za mto zilizoliwa zishikwe kwa gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe) baada ya kupata ruhusa ya mamlaka za maji na mazingira. Majengo mengi hutulia kwa hilo peke yake, na bei yake ni ndogo kuliko ya mwezi mmoja wa kuchimba.

Ikibidi kuongeza msingi chini ya ule wa zamani, kazi hiyo ni ya kiangazi na ya mhandisi kusimama hapo hapo. Ukuta hugawanywa vipande vya mita 1 hadi 1.2 vyenye namba. Huchimbwa kipande cha 1 na cha 4, kisha 2 na 5, mwisho 3 na 6. Vipande viwili vinavyopakana havifunguliwi pamoja. Zege likimwagwa huachwa nafasi ya sentimita 7 chini ya msingi wa zamani, kwa kuwa zege husinyaa likikauka. Baada ya siku 2 nafasi hiyo hushindiliwa mota kavu kavu ya saruji 1 kwa mchanga 3, kwa kipande cha mbao na nyundo, mpaka igome. Hapa, chini ya ardhi, saruji inaruhusiwa. Ajali tunazozisikia hutokea pale mtu anapochimba mtaro mmoja mrefu kando ya ukuta wote ili "kumaliza mapema." Ukuta wa mawe na udongo hauna nondo ya kuushikilia, unamwagika kama gunia la mahindi lililokatwa mshono.

Ufa ukishatulia, shoneni kwa mawe marefu yanayovuka pande zote mbili, moja kila nusu mita ya kimo, na kujaza kwa mota ya chokaa.

Duka letu la barazani mjini Moshi lina bati la zamani sana. Limeshika kutu kwenye miisho tu. Fundi anasema tung'oe lote tuweke jipya la rangi, geji 30. Ni sawa? — *Mfanyabiashara, Moshi*

Geji 30 ni kama milimita 0.3 tu. Bati lenu la zamani huenda ni geji 24, karibu mara mbili ya unene huo, na ndiyo sababu lipo mpaka leo. Kutu hula miisho kwa sababu huko ndiko bati linapolaliana na kushika unyevu. Kateni miisho iliyooza, shusheni mabati, na mwongeze safu moja mpya ya geji 26 juu kabisa au chini kabisa. Safu mpya isiwekwe katikati, na bati la zamani lenye kutu lisimwage maji yake juu ya jipya kama mnaweza kulikwepa hilo; maji ya kutu hufupisha maisha ya zinki.

Mlalio wa mwisho wa bati uwe sentimita 15 au zaidi, na ubavuni mgongo mmoja na nusu. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa wimbi, si kwenye bonde, ikiwa na vifuniko vya mpira. Kabla ya kupanda, chomeni papi (mbao zinazobeba bati) na ncha za kenchi kwa bisibisi. Ikizama zaidi ya sentimita 1, kipande hicho kibadilishwe. Oili chafu ambayo mafundi hupaka mbao dhidi ya mchwa tunaikataa: inashika moto, inachafua lipu milele, na mchwa hupita nyuma yake. Vunjeni njia zao za udongo, mtafute zinakotoka, na udongo wa chini utibiwe na mtu mwenye leseni ya dawa hizo.

Gata nyingi mjini ni ndogo mno. Paa la mita 12 kwa 9 lina mita za mraba 108. Mvua ya milimita 25 ikilinyeshea ni lita 2,700, na hapa kwetu mvua hiyo inaweza kumalizika kabla ya chai kupoa. Kwa kila mita ya mraba ya paa hesabuni sentimita 1 ya mraba ya tundu la bomba la kushushia. Paa la ukubwa huo linahitaji mabomba mawili ya kipenyo cha sentimita 9 au 10, kila moja mwisho wake wa gata.

Kama bati hilo ni la kijivu, zito na linakatika kama kigae, acheni kila kitu. Hiyo ni asbesto. Msitoboe, msikate, msiisugue. Vumbi lake huua mapafu taratibu. Waulizeni maofisa afya wa Manispaa kabla ya mtu yeyote kupanda.

Nyumba ya babu iko kama mita 30 kutoka mto Themi. Tunataka kuvunja upande mmoja na kuongeza vyumba viwili. Jirani anasema nyumba za Wajerumani na Waingereza zote zinalindwa na sheria. Kweli? — *Mjukuu, Arusha*

Jirani amekosea kidogo, lakini una kikwazo kingine ambacho hakukitaja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja vilivyojengwa kabla ya 1863. Boma la Wajerumani la Arusha, lililokamilika 1900 na ambalo leo ni makumbusho ya elimu viumbe, halifiki umri huo, wala hakuna nyumba ya ukoloni ya Arusha au Moshi inayofika. Jengo la baadaye hulindwa pale tu Waziri anapolitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Ndiyo maana maduka mengi ya zamani mjini yanavunjwa bila mtu kuvunja sheria, jambo ambalo sisi tunaliona ni pengo. Kama nyumba yenu imetangazwa au la, ofisi za Mambo ya Kale, chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ndizo za kuulizwa, kwa maandishi. Kitu kimoja watu hukisahau: milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940 zinalindwa hata kama nyumba hailindwi. Mkiwa nao, msiuuze wala kuusafirisha bila kibali.

Kikwazo ni mto. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto zinazoweza kuuharibu. Nyumba ilikuwapo kabla ya sheria, lakini vyumba vipya vitakuwa vya leo. Pimeni kutoka ukingo, si kutoka katikati ya maji. Halafu nendeni NEMC (baraza la taifa la mazingira) na idara ya mipango miji ya Jiji kabla ya kumlipa mchoraji, kwa kuwa mchoro wa vyumba visivyoruhusiwa hautarudishiwa hela. Matengenezo ya ndani na ya paa kwa kawaida si tatizo. Kubadili kuta au kuongeza chumba kunahitaji kibali cha ujenzi hata kama mto haupo.

Tunafanya kazi ya darasa kuhusu majengo ya zamani ya Moshi. Tutajuaje jengo ni la miaka gani kama wenyewe hawajui? — *Wanafunzi wa kidato cha tatu, Moshi*

Anzeni na reli. Kabla haijafika, kila mfuko na kila bati vilitoka pwani kwa mabega ya watu au mikokoteni, kwa hiyo walijenga kwa kilichopo: mawe ya volkano, udongo, mbao za msituni. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, na mji wenyewe ukashuka kutoka Old Moshi ya mlimani kuja kuikuta. Arusha ilingoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Baada ya reli mnaona bati, chuma na saruji vikiongezeka. Waingereza waliingia Moshi 1916, na maduka yenye baraza na ukuta wa mbele uliopandishwa kuficha paa ni ya enzi yao zaidi. Mengi yameandikwa mwaka juu kwenye ukuta huo, lakini kuweni waangalifu: huo unaweza kuwa mwaka wa uso mpya uliobandikwa kwenye jengo la zamani zaidi. Zungukeni nyuma mkatazame mawe.

Tazameni mbao za darini kwa tochi ya pembeni. Msumeno wa watu wawili huacha mistari iliyonyooka yenye mwinamo usio sawa; wa duara wa mashine huacha mistari ya upinde. Ila huku kwetu msumeno wa mkono haukufa mapema, kwa hiyo alama hiyo peke yake isiwaamulie. Kioo chenye mawimbi ukikitazama kwa upande kwa kawaida ni cha kabla ya miaka ya 1960, kwa maana njia ya kutengeneza kioo bapa kwa kukieleza juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa ilitangazwa 1959 tu. Skrubu za bawaba zenye mfereji mmoja ni za zamani kuliko za msalaba. Mabati mengine yana muhuri wa kiwanda upande wa ndani. Tofali za saruji za ndani ya nchi zinakuja baadaye, kwa kuwa kiwanda cha kwanza cha saruji nchini, cha Wazo Hill, kilianza 1966. Saruji ya kabla ya hapo iliagizwa.

Mkishapata dalili tatu zinazokubaliana, tafuteni karatasi. Ofisi ya ardhi ina tarehe ya hati ya kwanza ya kiwanja, ambayo si tarehe ya jengo ila jengo haliwezi kuwa mbali nayo sana. Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zipo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwalimu wenu anaweza kuwaandikia. Wazee wa mtaa muulizeni paa lilibadilishwa lini, si nyumba ilijengwa lini. La kwanza walishuhudia wenyewe.

Mlango wa mbele una rangi ya mafuta makoti kama kumi. Nataka kuuchoma kwa moto na kusugua msasa mpaka mbao ionekane. — *Seremala chipukizi, Arusha*

Usichome. Rangi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na moto huyageuza kuwa mvuke unaouvuta, nao msasa mkavu huyageuza kuwa vumbi unaloenda nalo nyumbani kwa watoto. Tumia dawa ya kuondolea rangi, paka nene, funika kwa nailoni nusu saa, kwangua kwa kwangulio butu kufuata mkondo wa mbao. Mabaki yafungwe kwenye mfuko, yasichomwe jalalani. Sehemu za kumalizia sugua kwa msasa wa maji ukiwa umelowa, vaa barakoa ya vumbi laini, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ukiona koti la chini kabisa limeshika vizuri na halijapasuka, hapo acha: litie msasa mwepesi wa maji na upake juu yake.